Dhima ya Mwenye Kujitolea

Kila unapoingia mwezi wa Februari, na tena katikati ya mwaka linapowadia tamasha la filamu la nchi za majahazi, Ngome Kongwe ya Unguja, ambayo Waomani waliisimamisha baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, hujaa vijana waliovaa fulana za rangi moja, huyu akipanga viti, yule akivuta nyaya za umeme, mwengine akikagua tikiti mlangoni, na mwengine akimwelekeza mgeni aliyepotea katika vichochoro vya Shangani. Tamasha la filamu lilianza mwaka 1998 na lile la muziki la Februari, Sauti za Busara, mwaka 2004, na shughuli za ukubwa huo, hapa kwetu kama kwengineko duniani, haziendeshwi na watu wa mshahara peke yao. Wala si matamasha tu yenye kutegemea mikono hiyo. Kisiwa cha Chumbe, kilichotangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994, kilijengwa kwa msaada wa watu wengi waliotoa ujuzi wao bila ya ujira; hospitali ya Mnazi Mmoja, tangu kufunguliwa taasisi yake ya upasuaji wa ubongo mwaka 2014, imekuwa ikiwapokea madaktari wa Kihispania na wengineo wanaokuja kutibu bila ya malipo; na wako vijana wa Msalaba Mwekundu, walimu wa masomo ya jioni, wasafishaji wa fukwe, na mabibi wanaopika kwenye shughuli za jumuiya wala hakuna anayekumbuka kuwataja.

Kabla ya kukabidhiwa fulana yake, kijana wa siku hizi hukabidhiwa karatasi. Msimamizi, ambaye ana mambo mengi asubuhi hiyo, humwambia kwa upole: "Tia saini hapo chini, mwanangu, mambo ya kawaida hayo," na kijana, kwa kuwa hapendi kuonekana mtu wa maswali mbele ya mkubwa wake, na kwa kuwa nyuma yake wako wenzake wanaosubiri, huandika jina lake, huweka saini, na kwenda zake kazini. Aghalabu karatasi hiyo huwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, imenakiliwa kutoka kwa jumuiya nyengine ambayo nayo iliinakili kutoka Marekani au Uingereza. Simtaji mtu wala sitaji jumuiya, maana karatasi hizo hufanana kiasi ambacho aliyeisoma moja amekwisha kuzisoma nyingi. Ninalolitaka ni kumweleza msomaji yaliyomo ndani yake, kwani nimeona kwamba watu wema wa pande zote mbili, anayeitoa na anayeitia saini, mara nyingi hawajui uzito wa kile wanachokubaliana.

Ndani ya karatasi moja mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na inafaa kuyafungua. La kwanza ni kuacha madai: mwenye kujitolea anasema kwamba akiumia, au mali yake ikiharibika, hatawadai waandalizi fidia, hata kama taksiri ilikuwa yao. La pili ni kubeba hasara ya mwengine: mwenye kujitolea anaahidi kwamba mtu wa tatu akiwadai waandalizi kwa sababu ya jambo alilolifanya yeye, au lililohusiana na kazi yake, basi yeye ndiye atakayewalipia waandalizi hao, pamoja na gharama za mawakili wao. Tuchukulie kijana wa Kikwajuni amepewa ngazi mbovu apandishe taa juu ya ukuta, ngazi ikavunjika, akaanguka juu ya mgeni aliyekuwa amekaa chini, wote wawili wakavunjika mikono. Kwa jambo la kwanza, kijana hana haki ya kudai matibabu ya mkono wake. Kwa jambo la pili, akichukuliwa kwa maneno yalivyoandikwa, kijana huyo huyo asiyelipwa hata senti moja anadaiwa gharama za mkono wa mgeni, na ujira wa wakili atakayewatetea wenye ngazi. Jambo la kwanza linamwondolea haki. La pili linamtwika deni ambalo hana uwezo wa kulilipa hata akifanya kazi ya mshahara miaka mingi. Ajabu ni kwamba watu wanapolalamikia karatasi hizi hulitaja la kwanza tu, nalo la pili, lililo zito zaidi, hupita kimya.

Tusidhani kwamba waandalizi wana nia mbaya. Jumuiya nyingi za Zanzibar ni masikini. Hesabu yao benki haimalizi mwaka, na kesi moja ya fidia ingeweza kuzifunga milango. Tena mahali tunapofanyia shughuli zetu si pa kuchezea. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa na boriti za mbao, navyo huchoka. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa huku kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu 2 wakafariki. Ni haki kwa mwandalizi kuogopa. Lakini tazama tofauti iliyopo: mfanyakazi wa mkataba akiumia kazini, Zanzibar inayo sheria ya fidia kwa wafanyakazi, na mwenye kumuajiri hawezi kujitoa katika sheria hiyo kwa karatasi tu. Mwenye kujitolea, kwa kuwa hana ujira wala mkataba wa ajira, mara nyingi hukutwa yuko nje ya mlango wa sheria hiyo, na njia pekee iliyobaki kwake ni kwenda mahakamani kudai kwamba fulani amefanya uzembe. Njia hiyo pekee ndiyo ambayo karatasi inataka kuifunga.

Wako watakaosema: mbona wazee wetu walijitolea bila ya karatasi wala madai? Ni kweli, na mfano ulio karibu zaidi si wa kale. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi, ilizama katika bahari ya Nungwi. Waliokuwa wa mwanzo kuwaendea waliokuwa wakielea juu ya magodoro na vipande vya mbao walikuwa wavuvi na watu wa vijiji vya kaskazini kwa vyombo vyao wenyewe, na zaidi ya watu 600 walitoka wakiwa hai, wakati mamia ya wengine walipotea. Hapana mvuvi aliyesimama pwani kusubiri fomu. Lakini kisa hicho hakiwafai waandalizi wa shughuli kama wanavyodhani baadhi ya watu. Mvuvi wa Nungwi hakuitwa na mtu. Chombo kilikuwa chake, kamba ilikuwa yake, na hukumu ya kuingia baharini usiku ule ilikuwa yake. Kijana wa tamasha ameitwa, ngazi amepewa, mahali pa kusimama ameonyeshwa, na yuko aliyekuwa na miezi ya kupanga, akachagua ngazi ipi inunuliwe na nani afundishwe kuitumia. Mwenye kuchagua ndiye mwenye uwezo wa kuzuia ajali, na kwa sababu hiyo ndiye ambaye sheria za mataifa mengi humwelekea kwanza inapotokea.

Sasa, je, karatasi hiyo ina nguvu? Uingereza walilikata jambo hili kwa sheria ya mwaka 1977, inayosema kwamba mwenye biashara hawezi, kwa mkataba wala kwa tangazo la ukutani, kujitoa katika dhima ya kifo au maumivu ya mwili yaliyotokana na uzembe wake. Sheria hiyo haikuvuka bahari kuja kwetu. Hapa hakimu hurejea sheria ya mikataba na hukumu zilizotangulia, na katika hukumu hizo iko moja inayostahiki kuelezwa kwa urefu, kwa sababu inayagusa mambo yote mawili, kuacha madai na kubeba hasara.

Mwaka 1944, katika bandari ya Montreal nchini Kanada, kampuni moja ya meli ilikuwa imepanga ghala la serikali. Katika mkataba wa upangaji mlikuwa na kifungu kisemacho kwamba mpangaji hatakuwa na dai lolote juu ya mwenye ghala kwa uharibifu wa mali iliyomo, na kifungu chengine kisemacho kwamba mpangaji atamkinga mwenye ghala na madai yote yatakayoletwa na watu wengine. Wafanyakazi wa serikali walikuja kutengeneza milango ya ghala, na badala ya kutumia keekee la mkono wakatumia moto wa gesi wa kukatia chuma. Cheche zikarukia marobota ya pamba, ghala likateketea pamoja na mali ya wafanyabiashara kadha wa kadha. Serikali ikasimama nyuma ya vifungu vyake viwili: wewe umekubali kutodai, tena umekubali kutulipia. Kesi ikapanda ngazi kwa ngazi hata ikafika mwaka 1952 mbele ya baraza la kifalme la London, ambalo zama hizo lilikuwa ndilo mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni na himaya za Waingereza, Zanzibar ikiwamo. Mahakimu wakaamua kwamba vifungu hivyo haviwezi kuikinga serikali na uzembe wa watu wake yenyewe. Mtu akitaka kusamehewa uzembe wake kabla hajaufanya, aseme hivyo kwa uwazi. Asipousema, na maneno yake yakiwa yanaweza kuhusu jambo jengine lisilokuwa uzembe, basi yatachukuliwa kuwa yanahusu hilo jengine. Na maneno ya kumtwika mwengine mzigo hupimwa kwa ukali zaidi, kwa kuwa ni jambo la mbali kuamini kwamba mtu mwenye akili zake atakubali kulipia makosa ya mwenziwe.

Mahakama zetu hazifungwi na kila hukumu ya London, lakini zimelelewa katika desturi hiyo, na fikra yake ni ya insafu. Karatasi nyingi za kujitolea zimejaa maneno mapana, "madai yoyote", "hasara yoyote", "kwa sababu yoyote", bila ya kulitaja neno uzembe. Na mwandishi wake, kwa kudhani kwamba upana ni nguvu, ameandika hati ambayo huenda isimsaidie siku atakapoihitaji. Iko pia hukumu ya Uingereza ya mwaka 1949 kuhusu mke aliyeibiwa makoti yake ya manyoya katika hoteli, wenye hoteli wakaelekeza tangazo lililobandikwa chumbani kwamba hawahusiki na upotevu. Mahakama ikasema tangazo limechelewa, kwa kuwa makubaliano yalikwisha fungwa kule chini mapokezini. Kijana aliyeanza kazi Jumatatu na akaletewa karatasi Alhamisi anayo hoja ya namna hiyo. Na mwaka 1891 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilimsikiliza mfanyakazi wa reli aliyekuwa akitoboa mwamba huku mawe yakipitishwa juu ya kichwa chake kwa winchi, akaijua hatari hiyo, lakini akaendelea na kazi mpaka jiwe likamwangukia; ikaamuliwa kwamba kujua hatari si kuiridhia. Zaidi ya yote hayo, karatasi haimfungi asiyeitia saini. Mpita njia aliyeangukiwa na spika la tamasha pale Forodhani hana habari na makubaliano ya mtu, na haki yake iko pale pale.

Nimeanza na mahakama za serikali, zenye desturi ya Kiingereza, kwa kuwa ndizo zinazosikiliza kesi hizi. Mahakama za kadhi katika Zanzibar zina mipaka yake katika ndoa, mirathi, wakfu na mfano wa hayo. Lakini wengi wa watu wa visiwa hivi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mizani ya haki wanayoichukua nyoyoni imetengenezwa chuoni na msikitini kabla ya kutengenezwa na sheria ya serikali, basi inafaa kuuliza mafakihi wamesemaje. Wanalo, katika habari ya kumsamehe mtu haki, sharti ambalo ingefaa kila mwandishi wa fomu alikumbuke: katika madhehebu ya Shafii haisihi kusamehe kisichojulikana, na mafakihi walio wengi hawajuzishi kusamehe haki ambayo bado haijathubutu. Mtu aweza kumsamehe mwenziwe deni la reale mia analolijua. Hawezi kumsamehe leo jeraha ambalo halijatokea, halijulikani ni la kidole au la uti wa mgongo, wala halijulikani litasababishwa na nani. Msamaha ni jambo kubwa na lenye thawabu, na kwa ukubwa wake ndiyo maana wametaka ufanywe na mtu anayejua anachokitoa.

Ama juu ya kubeba hasara, fikihi ina maneno yaliyo wazi zaidi. Mtu anayeshika mali ya mwengine kwa idhini yake na kwa ajili ya maslahi ya mwenye mali, kama aliyewekewa amana au wakala anayefanya kazi bila ya ujira, mkono wake huitwa mkono wa amana. Kikiharibika kitu mikononi mwake hadhamini, isipokuwa amefanya taadi, yaani amevuka mpaka kwa makusudi, au taksiri, yaani ameacha uangalifu unaomlazimu. Na hata akiwekewa sharti la kudhamini kila kitu, mafakihi walio wengi wanaliona sharti hilo kuwa batili. Ajizuie msomaji hapa kuchanganya na mwenye kuazima, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafii mwenye kuazima kitu kwa haja yake mwenyewe hudhamini kikimpotea. Kijana aliyeazima kamera ya tamasha akapige picha za harusi ya dada yake ni mwenye kuazima. Kijana huyo huyo akiichukua kamera hiyo kwenda kupiga picha za tamasha ni mwenye amana. Fomu za siku hizi hazijui tofauti hiyo, wala hazitaki kuijua: zinamfanya kila mmoja kuwa mdhamini wa kila kitu.

Hapo ndipo nilipostaajabu nilipoiweka fikihi kando ya sheria ya serikali, kwa kuwa nimekuta zinatazama upande mmoja. Sheria ya mikataba ya Uhindi ya mwaka 1872 ndiyo mama wa sheria zetu. Ilitumiwa Unguja tangu karne ya 19 katika mahakama za Waingereza, kisha ikaandikwa upya kuwa sheria ya mikataba ya hapa, kama ilivyoandikwa upya kwa Tanganyika mwaka 1961. Katika sheria hiyo ya Uhindi, kifungu cha 124 kinaeleza mkataba wa kukinga mtu na hasara, na ndicho kinachotajwa na mawakili wanapoandika fomu. Lakini mbele kidogo, katika mlango wa uwakala, kifungu cha 185 kinasema kwamba uwakala hauhitaji malipo ili uthubutu; na vifungu vya 222 na 223 vinamlazimisha aliyemtuma wakala amkinge wakala huyo na matokeo ya kazi halali aliyoifanya, na hata ya kazi aliyoifanya kwa nia njema ikamdhuru mtu wa tatu. Kisha kifungu cha 225 kinamlazimisha aliyemtuma amlipe fidia wakala aliyeumia kwa sababu ya uzembe au kutojua kazi kwa huyo aliyemtuma, na mfano uliotolewa na sheria yenyewe si wa karani wala wa dalali, bali ni wa mwashi: mtu amemwita mwashi amjengee nyumba, akamfungia jukwaa la kusimamia kwa mkono wake mwenyewe, jukwaa likawa limefungwa vibaya, mwashi akaumia, basi mwenye nyumba atoe fidia.

Msomaji ataona jinsi mfano huo wa 1872 ulivyo karibu na ngazi yetu ya Kikwajuni. Si kila mwenye kujitolea atahesabiwa kuwa wakala mbele ya hakimu, na makubaliano ya wazi yanaweza kuyageuza mengi katika mambo haya. Walakini asili ya sheria ni kwamba anayetumwa bila ya ujira hukingwa na anayemtuma. Fomu imeichukua kanuni hiyo ikaigeuza juu chini: asiyelipwa ndiye amkinge anayefaidika na kazi yake. Mimi naiona fomu hiyo kuwa dhulma, hata pale ambapo mahakama ingeikubali.

Liko na suala la umri, ambalo nitalipita haraka kwa kuwa halina utata. Katika sheria hizi za asili ya Kihindi, tangu hukumu ya baraza la kifalme ya mwaka 1903 katika kesi ya kijana wa Kalkuta aliyeweka nyumba yake rehani kabla ya kubaleghe kisheria, mkataba wa asiyetimia umri ni batili tangu mwanzo. Na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Wanafunzi wa sekondari walio chini ya umri huo, wanaojitolea kwa wingi wakati wa likizo, hawawezi kuacha haki zao kwa saini zao, na waandalizi wanaowakusanyia karatasi hizo wanajikusanyia makaratasi matupu. Kinachohitajika kwa mtoto ni idhini ya mzazi ya kushiriki na usimamizi wa kweli.

Basi, kama karatasi haitoshi kumlinda mwandalizi, na inamdhulumu mwenye kujitolea, kitu gani kifanywe? Jawabu liko karibu nasi kuliko tunavyodhani, nalo ni bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar kwa matembezi analazimika kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 kwa mtu mzima, nayo inamhudumia akipatwa na ajali au maradhi ya ghafla akiwa hapa. Serikali imeona kwamba si vyema mgeni aanguke katika nchi yetu pasiwe na wa kumgharimia. Lakini mtazame mgeni huyo siku ya tamasha, ameshika upande mmoja wa boriti, na upande wa pili umeshikwa na kijana wa Ng'ambo. Boriti ikiteleza, mmoja wao ana hati ya bima mfukoni na mwengine ana nakala ya fomu inayosema hatadai. Shirika la Bima la Zanzibar limekuwapo tangu mwaka 1969, na bima ya ajali kwa kundi la watu, inayokatwa kwa siku au wiki za shughuli, ni bidhaa ya kawaida katika biashara ya bima popote duniani. Shirikisho la kimataifa la Msalaba Mwekundu lina utaratibu wa bima ya ajali kwa watu wake wa kujitolea. Serikali ya Marekani, ambayo ilianza kuwapeleka vijana wa kujitolea wa Peace Corps Tanganyika mwaka 1961, inawahesabu vijana hao kuwa sawa na wafanyakazi wake inapofika habari ya fidia ya maumivu ya kazini. Na mwaka 1997 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwakinga watu wanaojitolea katika jumuiya zisizo za faida wasidaiwe kwa makosa ya kawaida waliyoyafanya katika kazi hiyo. Hata katika nchi ile ya kesi na mawakili, ilikotoka nusu ya fomu tunazozinakili, wameona kwamba mwenye kujitolea ndiye wa kukingwa.

Sisemi karatasi ziondoke. Karatasi njema ina faida kubwa, nayo si ngumu kuiandika. Iwe kwa Kiswahili, na nakala moja abaki nayo mwenye kutia saini. Itaje kazi yenyewe na hatari zake kwa majina yake: kupanda ngazi, kushika umeme, kuingia baharini, kugusa damu. Ieleze ni mafunzo gani yatatolewa, nani wa kupigiwa simu akitokea aliyeumia, atapelekwa hospitali gani na kwa gharama ya nani. Imtake mwenye kujitolea aseme kama ana maradhi yatakayomzuia kazi fulani, na akubali kwamba atafuata maelekezo, na kwamba akifanya jambo la makusudi au la ulevi, dhima itakuwa yake. Hilo ni haki, na hakuna kijana mwenye heshima atakayelikataa. Kifungu cha kubeba hasara za jumuiya kifutwe, na mahali pake pawekwe kinyume chake, kwamba jumuiya itamkinga mwenye kujitolea kwa kazi aliyoifanya kwa nia njema na kwa uangalifu. Kwa daktari mgeni anayekuja kupasua bila ya malipo neno hilo ni la lazima zaidi, kwa kuwa dai juu ya kazi yake linaweza kuwa kubwa kuliko mali yake yote, na mgonjwa naye anahitaji kujua kabla ya kisu ni nani atakayesimama akidhurika.

Na wewe kijana unayesoma makala hii, siku utakapopewa karatasi mlangoni, usione haya kusema kwa adabu: "Bwana mkubwa, naomba niisome, na pasiponielea unieleze." Tafuta mahali palipoandikwa kwamba utawalipia wengine, na ukipaona, omba pafutwe kabla ya kutia saini, kwani wengi wa wasimamizi hawana ukaidi, hawakuisoma tu. Ukiikuta kwa lugha usiyoielewa, omba ya Kiswahili. Ukiumia, andika siku hiyo hiyo kilichotokea na majina ya walioshuhudia, uende hospitali uweke na risiti, kisha umwone wakili hata kama umekwisha kutia saini, kwa sababu saini hiyo huenda haina nguvu uliyoambiwa inayo.

Kwa viongozi wa jumuiya na matamasha ya Unguja ombi langu ni dogo: kabla ya msimu ujao wa Februari, itoeni ile fomu kabatini, muisome pamoja na wakili mmoja na vijana wawili watatu waliowahi kuitia saini, kisha mpite Shirika la Bima muulize bei ya kuwakatia bima watu wenu kwa siku za shughuli, na bei hiyo muiandike katika bajeti mstari mmoja na kodi ya majukwaa.